Kokova ya Zambarau

Mama yake Mumbua alifika Doha mwezi wa Novemba, akiwa na koti zito aliloazimwa na jirani kwa kuwa aliambiwa ndani ya ndege kuna baridi, na kwa wiki kumi zilizofuata hakuingia jikoni ila kuchota maji ya kunywa.

Kwa mgeni mwingine hilo lisingekuwa neno. Mama wa miaka sabini na mbili amekuja kumtembelea mwanawe; akae, apumzike, aletewe. Lakini huyu alikuwa Miriam, na Miriam alikuwa mpishi. Miaka ishirini na miwili aliipikia familia moja ya Wafaransa katika nyumba yenye paa la vigae mtaani Lavington, Nairobi, na sifa zake zilifika mpaka kwao Kangundo, ambako watu hawakupanga tarehe ya harusi kabla ya kuuliza kama Miriam atapata ruhusa. Mumbua alizoea kumwona mama yake akiingia nyumba ya watu, anaamkia wenyeji, kisha miguu inampeleka jikoni yenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni.

Sasa alikuwa akishinda kwenye kochi karibu na dirisha, katika fleti ya vyumba viwili huko Al Wukair, akitazama nyumba mpya zikipanda ng'ambo ya barabara. Chakula alikula kidogo, kwa adabu, kama anayemeza dawa.

"Asante, mwanangu. Nimetosheka."

Mumbua alijua sababu, au alidhani anaijua. Yeye ni muuguzi, na mambo kama hayo ameyaona. Miaka minne iliyopita ile homa ya korona ilipita Kangundo ikamlaza mama yake majuma matatu. Alipoinuka, pua ilikuwa imekufa. Hakusikia tena harufu ya moshi, wala ya kitunguu kinachokaangwa, wala ya maziwa yaliyomwagikia moto. Chakula chote kikawa kama karatasi mdomoni. "Itarudi, Mwaitu," Mumbua alimwambia kwa simu wakati huo, akimwita kwa lile neno la Kikamba la kumwita mama ambalo hajaliacha tangu utotoni. Kwa wengi ilirudi. Kwa mama yake haikurudi. Akatundika aproni nyuma ya mlango, akamwachia jiko mpwa wake aliyekuwa akiishi naye, na jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Ijumaa moja ya mwisho wa Januari, baada ya ibada kule Mesaimeer, watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi wakisalimiana, kama kawaida, kila mmoja akitafuta wa kwao. Velma, muuguzi mwenzake Mumbua, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, akaja akamshika Mama mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mama! Kumbe ndiye wewe mwenyewe? Mumbua ametusimulia mpaka tukamezea mate. Wewe ndiye mama wa kokova!"

Kokova ndilo jina walilokuwa wakilitumia nyumbani. Kifaransa chake kina mizunguko, na maana yake, Mama aliwahi kuwaeleza, ni jogoo aliyepikwa kwa divai. Lakini wao walilisikia kokova, na likabaki kokova.

"Hayo yalikuwa ya zamani," Mama alisema.

"Na ni kweli ulimpika jogoo miaka yote hiyo kwenye divai na hukuwahi kuonja hata tone?"

Hiyo ndiyo hadithi iliyomjengea Miriam heshima kuliko harusi zote alizopika. Alikuwa ameokoka, na katika kanisa lao anayeokoka huweka nadhiri ya kutogusa pombe. Mumewe, marehemu baba yake Mumbua, alikuwa mzee wa kanisa na mtu mkali. Kazi ya Lavington ilipopatikana, wazee walikaa kikao kizima kujadili kama Mkristo anaweza kumwaga divai kwenye sufuria ya mwajiri wake. Miriam akasimama mbele yao akasema atapika kwa pua na masikio, na ulimi wake hautagusa. Wakamruhusu. Tangu siku hiyo akawa mfano. Mchungaji alimtaja madhabahuni zaidi ya mara moja: tazameni mwanamke huyu, anashika sufuria ya divai kila Jumapili, na ulimi wake ni safi.

Mama aliitoa mikono yake polepole kwenye mikono ya Velma, akaweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Twende," alimwambia Mumbua. "Jua limekuwa kali."

Jua halikuwa kali. Ilikuwa Januari, na upepo mwembamba ulikuwa ukivuma hata Velma amevaa sweta. Mumbua aliliona hilo, lakini hakuuliza. Ndani ya gari mama yake alifumba macho mpaka walipofika nyumbani.

Jioni hiyo, akikunja nguo, Mumbua alijikuta yuko Lavington. Wakati wa likizo za shule mama yake alikuwa akimchukua kukaa naye katika chumba kidogo nyuma ya nyumba kubwa. Jumapili asubuhi mlango wa jiko ulikuwa wazi, naye akakaa kwenye ngazi na kitabu asichokisoma. Aliyakumbuka yote kwa mpangilio: jogoo akitolewa kwenye bakuli alimolala usiku kucha, rangi yake imekuwa kama ya kidonda, mafuta yakilia, vitunguu vidogo vikiviringika kwenye kikaango, kisha ile harufu nzito, tamu na kali kwa pamoja, ikitambaa mpaka kwenye ngazi, mpaka bustanini, hata mtunza bustani anaacha mkasi na kusema, "Leo Wazungu wanakula." Madamu Elen, mwenye nyumba, mama mrefu aliyekuwa akitembea peku, alikuja akafunua kifuniko, akafumba macho, akasema neno moja tu: "Miriam." Si zaidi. Na mama yake aligeuka upande mwingine ili asionekane akitabasamu.

Lakini Mumbua hakula kokova ile. Ile ilikuwa ya mezani kwa watu. Yake ilikuwa ya Desemba, Kangundo. Mama yake alikuwa akija kwa likizo ya Krismasi, anachinja jogoo mzee asiye na faida tena, na badala ya divai anatumia zambarau. Kulikuwa na miti ya zambarau karibu na daraja, na mwezi huo ardhi yote ilikuwa ya zambarau, na ndimi za watoto wa shule nzima zilikuwa za rangi hiyo. Mama alizipondaponda, akazichuja kwa kitambaa, akaongeza siki kidogo, akamlaza jogoo humo. Baba yake, yule mtu mkali, alikula bila neno, kisha akaifuta sahani kwa kipande cha chapati mpaka ikang'aa.

"Nataka kumpikia Mwaitu kokova kabla hajaondoka," Mumbua alimwambia mumewe.

Dedan alikuwa dereva wa basi la kampuni, akiwapeleka wafanyakazi wa hoteli Lusail na kuwarudisha. Alikuwa mtu wa kukubali kwanza na kuuliza baadaye.

"Sawa, Mama Melissa. Unataka nini?" Melissa alikuwa binti yao, aliyeko chuo Nairobi.

"Jogoo. Si hawa kuku wa supamaketi, hawa wanaiva kabla moto haujashika. Nataka jogoo mzee, mwenye misuli."

"Doha hii? Jogoo mzee nitamtoa wapi?"

"Wewe ndiye dereva. Uliza."

Dedan akauliza. Jumatano alirudi na mfuko mweusi, amejaa ushindi. Ilibidi amuulize Msudani mmoja anayefanya kazi naye, ambaye alimfundisha kusema "baladi", yaani wa kienyeji, na kumpeleka kwenye soko la kuku nje ya mji. "Yule mzee wa sokoni aliniuliza mara tatu kama nina hakika," Dedan alisema, akicheka. "Akanionyesha kuku wanono, wazuri. Nikamwambia hapana, yule pale, anayetazama watu vibaya. Akamchinja, lakini nakwambia, alinihurumia."

Zambarau ndizo zilizomsumbua Mumbua. Aliingia bakala ya kwanza, duka dogo la mtaani, akaingia ya pili, akaeleza kwa Kiingereza, kwa Kiarabu chake cha hospitali, kwa mikono. Katika duka la tatu, la Wahindi, mwenye duka alikuwa mzee wa masharubu meupe. Mumbua alimwambia: ni tunda dogo jeusi, lina kokwa moja, ukila ulimi unageuka rangi. Mzee alimtazama, kisha akautoa ulimi wake nje wote, akauelekezea kidole.

"Jamun!" alisema.

Mumbua hakujua neno hilo, lakini aliujua ulimi. Mzee akaenda nyuma, akarudi na pakiti mbili za nyama ya zambarau iliyogandishwa, zenye picha ya tunda juu yake, na Mumbua akasimama pale kati ya magunia ya mchele akiitazama ile picha mpaka mzee akauliza kama kuna kosa. Hakukuwa na kosa. Ni kwamba hakuwa ameona zambarau kwa miaka kumi na mitatu.

Alhamisi jioni alimlaza jogoo kwenye bakuli, amemkata vipande, pamoja na karoti, kitunguu, siki, majani makavu yale wanayotia kwenye pilau, na tawi la zaatari mbichi, kwa kuwa harufu yake ilikuwa ileile ya majani ambayo Madamu Elen aliyapanda karibu na bomba. Hakumwambia mama yake kitu. Ijumaa walikwenda ibada ya asubuhi, wakarudi mapema, Dedan akaenda kumsubiri Velma, aliyealikwa chakula, amalize zamu, na Mumbua akafunga aproni.

Mama alikuwa kwenye kochi lake. Jiko na sebule vilitenganishwa na ukuta mfupi tu, kwa hiyo alikuwa kama yuko mlangoni.

Mumbua alikaanga kwanza vipande vya nyama ya ng'ombe ya moshi, maana ya nguruwe hapa huipati, na hata Kangundo hawakuwahi kuitumia. Akavitoa. Mafuta yakabaki. Akachukua vipande vya jogoo kutoka kwenye bakuli akavitia kwenye sufuria.

"Umemtia akiwa na maji," ilisema sauti kutoka kwenye kochi.

Mumbua aligeuka. Mama yake alikuwa bado anatazama dirishani.

"Umejuaje?"

"Si nasikia. Mafuta yanapiga kelele kama watu wanaogombana. Mtoe. Mfute kwa kitambaa, kila kipande, mpaka awe mkavu. Kisha mrudishe, na usivirudishe vyote kwa pamoja. Sufuria ikijaa inalia."

Mumbua akavitoa. Akafuta vipande kimoja kimoja, akavirudisha vinne. Sauti ikabadilika, sasa ilikuwa nzito, ya taratibu, ya mvua inayonyesha kwa nia.

"Hapo," Mama alisema. "Usimguse. Watu wa siku hizi hamwezi kukiacha kitu."

Akatega sikio. Kisha: "Mgeuze sasa."

Mumbua alimgeuza, na upande wa chini ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva sawasawa, bila doa jeusi. Alitaka kusema kitu lakini aliogopa, kama mtu anavyoogopa kumshtua ndege aliyetua karibu. Akanyunyiza unga, akakoroga, akamwaga zambarau. Mvuke ukapanda, na harufu ile ikamjia usoni: kali, ya udongo na siki na matunda, ya daraja la Kangundo. Machozi yakamtoka ghafla, akayafuta kwa kiwiko.

"Umetia nini?" Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa tofauti. "Imemwagika nzito. Hiyo si divai."

"Divai nitaitoa wapi, Mwaitu? Ni zambarau."

Alisikia kochi likilia, na hatua za polepole. Mama yake alisimama karibu na ule ukuta mfupi, mkono mmoja juu yake, akaitazama sufuria. Mchuzi ulikuwa wa rangi ileile. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kokova," alisema.

"Kokova."

"Punguza moto. Achemke saa mbili na nusu. Huyo ni mzee, naona miguu."

Wakakaa pamoja jikoni zile saa mbili na nusu, Mama kwenye stuli, Mumbua akimenya vitunguu vidogo na kukata uyoga. Mama alizungumza kuliko alivyozungumza katika wiki zote kumi. Alisimulia siku Madamu Elen alipojaribu kupika ugali ukamgandia mwiko. Alisimulia mtunza bustani aliyekuwa akimtumia Miriam barua za mapenzi ndani ya mafungu ya sukuma wiki, na jinsi alivyozirudisha zote bila kuzifungua, "isipokuwa mbili". Mumbua alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

Mchuzi ulipoanza kuwa mzito, Mumbua alichota kijiko, akakipuliza, akampa.

"Onja, Mwaitu. Uniambie kama imefika."

Uso wa mama yake ukajifunga kama dirisha.

"Mimi sionji."

"Haina pombe. Ni tunda tu."

"Nimesema sionji, Mumbua."

Mumbua alikirudisha kijiko. Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso wake chini kidogo ya uso wa mama yake, jinsi anavyokaa karibu na vitanda vya wagonjwa.

"Mwaitu, kuna nini? Tangu ulipougua umelikataa jiko. Nilidhani ni kwa sababu ya pua. Lakini leo umepika kwa masikio peke yake, na umepika kuliko mimi mwenye pua. Kuna nini?"

Mama aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye alama za zamani za mafuta. Sufuria iliendelea kunong'ona.

"Nilikuwa naonja," alisema mwishowe.

"Unaonja nini?"

"Ile ya divai. Kule Lavington." Alivuta pumzi. "Mchuzi utaupikaje bila kuuonja? Wiki ya kwanza nilijaribu kwa pua, kama nilivyoahidi. Ukatoka mchachu, wageni wakauacha kwenye sahani. Madamu hakusema neno, lakini niliona. Jumapili iliyofuata nilichukua kijiko kimoja. Kimoja tu, nikasukutua mdomo kwa maji. Na Jumapili iliyofuata. Miaka ishirini na miwili, Mumbua. Hakuna Jumapili hata moja ambayo sikuonja."

Mumbua alisogeza ndoo karibu.

"Na kila mwaka mchungaji ananisimamisha. Ulimi wa Miriam ni safi. Watu wanapiga makofi. Baba yako amekaa mbele, amenyoosha shingo kwa fahari. Ningesemaje? Siku moja nilikaribia kumwambia, akaniambia, 'Miriam, wewe ndiye uliyeniweka kwenye kiti hiki.' Nikanyamaza. Akafa anaamini." Akaikunja leso yake mapajani. "Kisha ikaja ile homa. Nilipoamka sionji wala sinusi, nilijua. Nilidanganya kwa ulimi, na Mungu ameuchukua. Sasa unataka nishike tena mwiko, nijifanye mpishi? Nimekwisha kuhukumiwa. Nimekubali."

Zambarau ilikuwa ikichemka, na nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye jengo. Mumbua hakuona hasira, bali huruma ya miaka minne aliyokuwa akimwambia mama yake kwa simu "itarudi, itarudi", bila kujua anamwambia mtu anayeamini ametiwa hatiani.

"Mwaitu, mwaka ule wa homa nilikuwa wodini, unajua," alisema. "Nimemwona shehe aliyepotewa na harufu. Nimemwona padri. Nimemwona mwalimu wa Jumapili kutoka Uganda, msichana mtakatifu kuliko sisi wote, alilia kwa sababu hakuweza kunusa nywele za mtoto wake. Hao wote walionja mchuzi wa nani?"

Mama alimtazama.

"Wewe unajua mambo ya mwili," alisema, lakini taratibu.

"Najua huo ulikuwa ugonjwa. Kuhusu ule uongo, hilo ni kati yako na Mungu wako, na nadhani umekwisha kumwambia mara nyingi."

"Kila usiku."

"Basi." Mumbua akasita, kisha swali likamtoka lenyewe, swali la yule msichana wa kwenye ngazi. "Mwaitu. Ilikuwaje?"

"Nini?"

"Kokova ya divai. Ilikuwa tamu?"

Mama alifungua mdomo kumkemea. Akaufunga. Kisha kitu kikaanza kutikisika mabegani mwake, na Mumbua akadhani analia, mpaka akasikia sauti yenyewe, kicheko cha chini, cha mtu aliyekibana kifuani muda mrefu.

"Mumbua, mwanangu," alisema, akijifuta macho kwa upindo wa leso. "Ilikuwa tamu mpaka nikaona aibu."

Wakacheka wote wawili, wameshikana mikono, mpaka Mama akakohoa na Mumbua akampa maji.

"Ndiyo maana nikatafuta zambarau," Mama aliendelea alipotulia. "Nilitaka niipike siku moja nikae mezani na watoto wangu, nile sahani nzima, moyo wangu umetulia. Desemba tatu nilijaribu. Ya kwanza tuliwapa mbwa. Ya pili baba yako alikula kwa upole tu. Ya tatu ndiyo hii unayoikumbuka. Hii haikuwa ya Wafaransa, Mumbua. Hii ilikuwa yangu."

Akanyoosha mkono. Mumbua alielewa. Akachota kijiko kingine, akakipuliza.

Mama alikiweka mdomoni akafumba macho. Mumbua alimtazama bila kupumua. Alijua hakutakuwa na muujiza. Miaka minne ni mingi. Mama alizungusha mchuzi mdomoni, akameza, akakunja uso.

"Sisikii harufu," alisema.

"Ndiyo, Mwaitu."

"Harufu hakuna." Akapitisha ulimi kwenye kaakaa lake, mara moja, mara ya pili. Kisha nyusi zikapanda. "Lakini ukakasi upo. Ukakasi wa zambarau. Unaushika ulimi hapa pembeni, unaukaza. Nausikia." Akafungua macho, na macho yalikuwa na maji. "Na chumvi bado. Na nani amekwambia utie sukari?"

"Sijatia sukari. Ni zambarau za Wahindi, pengine ndivyo zilivyo."

"Basi ni tamu mno. Lete siki. Si hiyo, hiyo ni ya kachumbari. Nipishe nione."

Akainuka kutoka kwenye stuli, akamsukuma bintiye kidogo kwa nyonga, akasimama mbele ya jiko. Akatia siki kwa kukadiria kwa jicho, akatia chumvi kwa vidole vitatu, akaonja, akaongeza. Kila mara alipoonja alitikisa kichwa kama anayehesabu. Alitaka vitunguu na uyoga vikaangwe mbali, kisha viingie mwisho. Alimwuliza Mumbua, "Harufu ikoje sasa? Ni ya siki au ya nyama?" na Mumbua aliponusa akasema ya nyama, Mama akaitikia, "Basi imekaribia. Ikiwa ya nyumbani uniambie."

Mumbua akanusa tena baada ya muda. "Ni ya nyumbani," alisema.

Mama akazima moto.

Dedan na Velma waliingia saa nane wakasimama mlangoni, pua juu. Walikula kwa chapati na viazi, na kwa muda hakuna aliyeongea, jambo ambalo kwa Velma halikuwahi kutokea. Jogoo alikuwa laini lakini ameshika mfupa wake kwa heshima, na mchuzi ulikuwa mweusi, unang'aa. Mama alikula sahani nzima. Hakusema nimetosheka.

"Kwa hiyo, Mama," Velma alisema, akijilamba kidole, "ile ya divai na hii, ipi tamu?" Kisha akajishika mdomo. "Samahani! Nilisahau hukuonja."

Mumbua alikuwa tayari kuyageuza mazungumzo, lakini mama yake aliweka uma chini.

"Nilionja," alisema. "Na hii ni tamu zaidi."

Velma alimtazama Mumbua, akamtazama Dedan, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Katika siku zilizobaki Mama alipika mara nne. Siku ya kuondoka, kule uwanja wa ndege, alimshika bintiye uso kwa mikono miwili kama anavyomshika mtoto, akamwambia asimtie tena kuku akiwa na maji, kisha akageuka akaingia ndani bila kutazama nyuma, mgongo umenyooka.

Mwezi wa Machi alipiga simu. Ilikuwa mapumziko ya Mumbua kazini, akakaa kwenye ngazi za dharura ili amsikie vizuri.

"Nimewaambia," Mama alisema.

"Nani?"

"Akina mama, kwenye ushirika wetu wa Alhamisi. Nilisimama nikawaambia yote. Kijiko, Jumapili, miaka ishirini na miwili. Nikasema kama wanataka kuniondoa kwenye uongozi waniondoe."

"Wakasema nini?"

"Kwanza nilisikia kuku wa mchungaji wakiparua nje. Kisha mwenyekiti, unamjua alivyo, mwanamke wa miaka themanini na moja, akaniangalia juu ya miwani akasema, 'Miriam, na hujawahi kutuletea hata kijiko?'"

Mumbua alipiga kelele ya kicheko, ikapanda ngazi zote hadi juu.

"Sasa Jumamosi nawapikia," Mama aliendelea, na nyuma yake Mumbua alisikia sufuria ikigongwa na yule mpwa wake akiuliza kisu kiko wapi. "Zambarau zimekwisha msimu, lakini nilikuwa nimemwomba jirani anigandishie. Jogoo ninaye. Pua ninaazima ya huyu binti, ananiambia kila ninachouliza, anajifunza haraka. Ngoja kidogo, Mumbua, usikate." Sauti yake ikasogea mbali na simu. "Wewe! Mfute kwanza! Nimekwambia awe mkavu!"